Simu kama bwana shamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu programu za akili mnemba za kutambua magonjwa ya mazao

Maswali haya yametoka kwa wakulima wa muhogo, mahindi na nyanya, wengi wao wa ukanda wa Pwani, ambao wameanza kutumia programu za simu zinazotazama picha ya jani na kutaja ugonjwa, au zinazojibu maswali ya kilimo kwa maandishi. Anayejibu ni afisa ugani, si mhandisi wa kompyuta. Muhogo umepewa nafasi kubwa kuliko mazao mengine kwa sababu ndiyo zao ambalo programu hizi zimepimwa vizuri zaidi katika mashamba ya Afrika Mashariki.

## Mambo ya msingi

1. Programu hizi ni nini, na zinafanyaje kazi?

Zipo za aina mbili, na zisichanganywe, kwa sababu udhaifu wake haufanani.

Aina ya kwanza hutazama picha. Imefundishwa kwa maelfu ya picha za majani, kila moja ikiwa imeandikiwa jina na mtu anayejua: hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia (yote mawili ni magonjwa ya virusi ya muhogo), hili limeshambuliwa na utitiri wa kijani (vidudu vidogo mno), hili ni zima. Kwa kuzipitia mara nyingi, programu hujijengea hesabu za kulinganisha rangi na maumbo, na ukiipa picha mpya hutafuta inafanana zaidi na kundi lipi. Inayojulikana zaidi kwetu ni Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti ya IITA, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na wengine, na ambayo hufanya kazi hata pasipo na intaneti. Nchini Uganda, maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere ilishirikiana na watafiti wa mazao kukusanya picha za muhogo ambazo nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe. Mkusanyo uliowekwa hadharani mwaka 2020 ulikuwa na picha 21,367.

Aina ya pili hujibu kwa maandishi au kwa sauti. Hii imepitishwa katika maandishi mengi mno ya kila namna, nayo hutunga jibu kwa kukisia maneno yanayoelekea kufuatana. Haijawahi kuona shamba lako, na isipokuwa watengenezaji wameiunganisha na maktaba maalumu ya kilimo, haina mahali inapofungua kuhakiki kabla ya kukujibu.

2. Je, ni kweli kwamba simu inamshinda bwana shamba?

Katika jambo moja lililopimwa, ndiyo. Utafiti uliofanyika Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 2020 ulilinganisha Nuru, maafisa ugani na wakulima katika kutambua dalili za batobato, michirizi ya kahawia na utitiri wa kijani kwenye majani ya muhogo. Nuru ilipata asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Nikiwa wa kundi hilo la katikati sikufurahi kuzisoma tarakimu hizo, lakini sina sababu ya kuzibisha: afisa mmoja hushughulikia mazao mengi, na wengi wetu tulijifunza magonjwa ya muhogo siku moja darasani.

Hata hivyo, kilichopimwa hapo ni kutambua dalili kwenye jani, yaani hatua moja tu ya kazi. Kujua dalili hizo zimetoka wapi, zimeenea kiasi gani, na mkulima mwenye ekari moja na watoto wa kulisha afanye nini msimu huu ni kazi nyingine, ambayo picha haiigusi.

Tena, asilimia 65 maana yake ni kwamba katika kila picha 100, kama 35 hivi zilijibiwa vibaya. Mtaalamu akiletewa jibu baya hulishtukia mara nyingi, kwa kuwa ana jibu lake kichwani la kulinganishia. Mkulima aliyekuja kuuliza kwa sababu hajui hana cha kulinganishia, na majibu yote, mazuri na mabaya, humjia kwa sauti ileile na maandishi yaleyale. Majibu mengi yanayofuata yanarudi kwenye tofauti hii.

3. Mbona matangazo husema programu ina usahihi wa asilimia 99?

Kwa sababu kipimo hicho huwa kimefanywa kwa picha zinazofanana na zile programu iliyofundishiwa. Kisa kinachojulikana ni cha mwaka 2016, pale watafiti walipotumia picha 54,306 za majani ya mazao 14 kufundisha mfumo wa kutambua magonjwa 26. Ulipojaribiwa kwa picha zilizotengwa kutoka katika mkusanyo uleule, ulipatia kwa asilimia 99.35. Walipoujaribu kwa picha zilizotoka kwingine, zilizopigwa katika mazingira tofauti, ulishuka hadi zaidi kidogo ya asilimia 31, na watafiti hao wenyewe waliliandika jambo hilo bila kuficha.

Sababu si ngumu kuielewa. Picha za mkusanyo ule zilikuwa za jani moja lililochumwa na kulazwa juu ya kitu cha rangi moja. Shambani jani limepishana na mengine, lina vumbi, lina kivuli cha mkono wako, na nyuma yake kuna magugu. Ukisoma asilimia yoyote katika tangazo, uliza ilipimwa kwa picha za nani na zilipigwa wapi. Usipopata jibu, ichukulie kama bei aliyoitaja muuzaji kabla hamjapatana.

## Kupiga picha

4. Nimepiga picha jani moja mara tatu nikapata majibu matatu. Lipi la kweli?

Huenda hata moja. Mwanga ukibadilika, ukisogea karibu au ukigeuza simu, picha inayoingia si ileile, na jani lenye dalili hafifu linaweza kuvuka mpaka kutoka kundi moja kwenda jingine kwa sababu ya kivuli tu. Majibu yanayoyumba yanakueleza kwamba programu haina hakika, ingawa yenyewe haisemi hivyo.

Dawa ya tatizo hili si kurudia jani lilelile bali kuongeza majani. Utafiti uliotajwa katika swali la 2 ulionyesha kwamba Nuru ilipopewa majani sita ya mmea mmoja usahihi wake shambani ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Chukua majani ya juu, ya katikati na ya chini, asubuhi au wakati wa mawingu, na ujipange jua lisikupige mgongoni ukatupa kivuli chako juu ya jani.

5. Simu ilisema muhogo wangu una afya, lakini nilipochimba nilikuta umeoza. Ilidanganya?

Haikudanganya, ilijibu kile ilichoonyeshwa. Hili ndilo lalamiko ninaloletewa mara nyingi zaidi, na linastahili kuelezwa kwa urefu.

Mama mmoja wa Mkuranga aliniita shambani kwake baada ya kuvuna mashina machache na kukuta mizizi yenye madoa ya kahawia, magumu na makavu kama kizibo cha chupa. Miezi mitatu kabla alikuwa amepita shamba zima na simu ya kijana wake, na kila mmea ulipewa alama ya kijani. Nilimwomba anionyeshe alivyofanya. Alishika ncha ya mmea, akachagua jani changa lililokunjuka vizuri, akapiga picha, akasogea mmea wa pili, akafanya vilevile. Nikamuuliza, “Mama, na haya ya chini uliyapiga?” Akacheka. “Ya nini, mwanangu? Hayo yameshazeeka, yanataka kuanguka.”

Batobato hujitokeza kwenye majani machanga ya juu: hujikunja, huwa madogo, huwa na mabaka ya kijani na manjano. Michirizi ya kahawia hufanya kinyume. Manjano yake hufuata mishipa ya majani yaliyokomaa, yale ya chini ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeyaona ni mazee na kuyaacha. Bibi shamba anayeujua ugonjwa huu huinama kwanza, hufunua majani ya chini, hutazama shina la kijani kama lina michirizi, kisha huomba jembe. Mama yule hakufanya kosa la kizembe. Alimwonyesha mtaalamu jani zuri kama mtu anavyomwonyesha mgeni sebule. Ila alichoachiwa achague ndicho hasa kilichohitaji utaalamu.

Zaidi ya hapo, ugonjwa huu unaweza kuharibu mizizi wakati majani hayaonyeshi kitu cha maana, na zipo aina za muhogo ambazo majani yake huonyesha dalili wazi huku mizizi ikibaki mizuri kwa muda mrefu. Hakuna picha ya jani itakayokujulisha hali ya mzizi. Chimba mashina machache katika sehemu tofauti za shamba na ukate kila mzizi vipande kadhaa kwa upana, kwa kuwa nje unaweza kuonekana safi kabisa.

6. Chini ya jibu imeandikwa “asilimia 87”. Ina maana gani?

Kwa kawaida ina maana kwamba, kati ya makundi ambayo programu inayajua, hilo ndilo lililopata alama kubwa zaidi, na kwa kiasi hicho. Haimaanishi kwamba mara 87 katika 100 jibu la namna hiyo huwa la kweli. Mifumo ya aina hii ina tabia inayojulikana ya kutoa tarakimu kubwa hata inapokosea.

7. Nikipiga picha ya ugonjwa ambao programu haikufundishwa, itaniambia haijui?

Zipo zilizoandaliwa kusema hivyo na zipo zisizoweza. Programu iliyofundishwa makundi matano itajitahidi kulitia jani lako katika mojawapo ya hayo matano, hata kama jani limekunjwa na dawa ya magugu iliyopeperushwa kutoka shamba la jirani, au limepauka kwa kukosa madini ya udongo. Niliwahi kupiga picha jani la mpapai kwa programu ya muhogo nikaambiwa ni batobato. Jaribio hilo ni zuri kwa mtu yeyote anayeanza: ipe programu yako kitu ambacho unajua si chenyewe, uone kama ina adabu ya kukataa.

Kabla ya kutumia programu yoyote, tafuta orodha ya magonjwa na wadudu inaowajua. Orodha hiyo ikiwa haipo, hutaweza kujua jibu linapokosekana kwa sababu tatizo halipo na linapokosekana kwa sababu programu haina jina lake.

## Kuuliza kwa maandishi au sauti

8. Kwa nini programu hainiulizi maswali kama anavyofanya bibi shamba?

Baadhi huuliza, lakini nyingi huharakisha jibu kwa kuwa zimetengenezwa zijibu. Ukimfuata bibi shamba na kumwambia mahindi yamekuwa ya manjano, hatajibu mpaka ajue umepanda lini, mbegu gani, mvua ya mwisho ilinyesha lini, uliweka mbolea ya kupandia au hukuweka, manjano yameanzia juu au chini, na kama shamba zima liko hivyo au ni sehemu ya bondeni tu. Manjano yanayoanza kwenye majani ya chini na kuingia kwa umbo la V kutoka nchani huelekeza kwenye upungufu wa naitrojeni. Ya bondeni peke yake huelekeza kwenye maji yaliyotuama. Yanayoanzia majani machanga huweza kuelekeza kwenye ugonjwa wa virusi au upungufu wa madini mengine.

Mkulima asiyejua kwamba mambo hayo yana uzito hatayaandika, na programu itajibu sentensi moja aliyoiandika kana kwamba ndiyo habari yote. Njia inayosaidia ni kuanza hivi: “Kabla ya kunijibu, niulize kila unachohitaji kujua kuhusu shamba langu.” Maswali utakayoulizwa mara nyingi huwa na faida kuliko jibu lenyewe, kwa maana yanakurudisha shambani kutazama.

9. Simu imetambua batobato. Nimeuliza dawa ya kupiga nikatajiwa tatu. Ninunue ipi?

Usinunue hata moja kwa ajili ya kuponya. Batobato na michirizi ya kahawia ni magonjwa ya virusi, na hakuna dawa inayoponya mmea wa muhogo uliokwisha kuambukizwa shambani. Kinachofanyika ni kung'oa mimea iliyougua mapema na kuiondoa shambani, kupanda pingili safi (vipande vya shina vya kupandia), na kuchagua aina zinazostahimili.

Dawa tatu ulizotajiwa huenda ni za kuua inzi weupe, ambao kweli hueneza virusi hivyo, au huenda ni za ukungu na hazihusiani kabisa. Jambo la kutazama ni namna zilivyopatikana. Uliuliza “dawa gani”, na ndani ya swali hilo mna dhana kwamba dawa ipo. Programu ya maandishi hupenda kuifuata dhana ya anayeuliza. Ungeuliza “je, batobato ina dawa?” pengine ungeambiwa haina, na programu ileile. Mtu anayejua zao husikia kasoro ndani ya swali na kulisahihisha kabla ya kulijibu. Kwa asiyejua, kosa la swali huwa kosa la jibu, na hulipiwa dukani.

10. Naweza kuamini kipimo cha dawa nilichopewa na programu?

Hapana. Kati ya majibu yote ya programu za maandishi, hili ndilo ninalolikataa bila masharti. Kiambato amilifu kimoja, yaani kemikali inayofanya kazi ndani ya dawa, huuzwa kwa majina mengi na kwa nguvu tofauti, hivyo kipimo cha chupa moja si cha chupa nyingine hata kama rangi ya karatasi inafanana. Dawa iliyosajiliwa nchi moja inaweza kuwa haijasajiliwa au imeondolewa nchi nyingine. Tanzania mwenye orodha ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na Kenya ni bodi ya PCPB. Kipimo cha kufuata ni cha lebo iliyobandikwa kwenye chupa uliyoishika.

Kuna pia hesabu ya bomba la kunyunyizia. Tuseme, kwa mfano tu, lebo inataka mililita 30 kwa lita 20 za maji. Bomba la lita 16 litahitaji mililita 24, na la lita 15 litahitaji mililita 22 na nusu. Wengi husoma “30” kwenye simu na kumimina 30 katika bomba lolote walilonalo, na wengine hupima kwa kifuniko ambacho hawajawahi kukipima chenyewe. Programu haijui bomba lako ni la lita ngapi usipoieleza.

Jingine ni siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyanya zikishaanza kuiva huchumwa kila baada ya siku chache. Dawa inayotaka siku 14 haifai tena katika shamba hilo, hata kama inamuua vizuri kantangaze, mdudu anayeharibu nyanya. Nimeona majibu marefu, yaliyopangwa kwa namba, yasiyoligusa jambo hilo hata kwa neno moja.

11. Nikiuliza kwa Kiswahili, jibu linakuwa dhaifu kuliko kwa Kiingereza?

Mara nyingi ndiyo, kwa kuwa maandishi ya kilimo ya Kiswahili ambayo programu zimeyapitia ni machache sana yakilinganishwa na ya Kiingereza. Lugha yenyewe hutoka laini na sahihi, na ulaini huo humfanya mtu aamini na maarifa yaliyomo.

Maneno ya kazini ndiyo yanayoponza. Mkulima akisema nyanya zake “zimeingia ukungu”, anaweza kuwa na maana ya ugonjwa wa bakajani chelewa, wa bakajani tangulia au wa ubwiri unga, au ya hali ya hewa ya asubuhi. Kipimo cha shamba ni hatari zaidi. Mitaani na vijijini watu husema “heka” wakimaanisha ekari. Programu ikilisikia neno hilo kama hekta, eneo limeongezeka mara 2.47 bila wewe kujua, na mbolea au dawa uliyokokotolewa imeongezeka vivyo hivyo. Andika “ekari” kwa ukamilifu, au taja hatua za urefu na upana.

12. Programu ina habari za lini?

Za hadi siku mafunzo yake yalipokoma, na humo ndani mna za zamani nyingi kuliko mpya. Michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani milimani Usambara, na kwa miongo mingi maandishi yaliuita ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, usiosumbua juu ya mita 1,000. Mwaka 2004 ulionekana tena Uganda katika mwinuko mkubwa kuliko huo, na baadaye ukaenea katika nchi za Maziwa Makuu. Mkulima wa Kagera anayejibiwa kwa maandishi ya zamani anaweza kuambiwa kwamba eneo lake ni salama.

Kiwavijeshi vamizi ni mfano mwingine. Aliripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Kitabu chochote cha mahindi cha Afrika Mashariki kilichoandikwa kabla ya hapo hakimtaji, na programu iliyofundishwa kwa picha za kabla ya hapo isingemtambua.

## Kuamua la kufanya

13. Naweza kutumia simu kuchagua mbegu ya muhogo kwa jirani?

Unaweza kuitumia kukataa, si kukubali. Mmea unaoonyesha dalili, usichukue pingili zake. Mmea usioonyesha dalili bado unaweza kuwa na virusi ndani, na hilo hujulikana kwa kipimo cha maabara tu. Pingili ndiyo njia ambayo magonjwa haya husafiri mbali, mkoa hadi mkoa, na kosa la hapa huishi shambani msimu mzima. Ukitaka uhakika zaidi, nunua kwa wazalishaji wanaokaguliwa: Tanzania ukaguzi huo hufanywa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ikiwa ni pamoja na wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora zinazozalishwa vijijini, na Kenya ni kazi ya KEPHIS.

14. Simu imeonyesha mimea 17 migonjwa kati ya 100. Ning'oe yote 17?

Itazame kwanza. Chukua mfano wa kubuni: shamba lina mimea 100, na migonjwa kweli ni 10. Programu inaigundua 8 kati ya hiyo, na katika kila mimea 10 mizima inakosea mmoja. Mizima ni 90, hivyo 9 itaitwa migonjwa. Jumla ya iliyotajwa ni 17, na zaidi ya nusu yake haina kitu, huku miwili migonjwa ikiachwa imesimama. Programu katika mfano huu si mbaya. Ni hesabu tu ya kutafuta vichache ndani ya vingi. Pita kwenye mimea hiyo 17 ukiwa na mtu wa pili, mtazame majani ya juu, ya chini na shina, kisha mng'oe ile mnayokubaliana.

15. Nikiitumia kwa muda mrefu, nitajifunza mwenyewe?

Inawezekana, kwa masharti. Katika utafiti wa swali la 2, maafisa ugani walioitumia Nuru kwa wiki mbili waliongezeka ujuzi kidogo. Anayejifunza ni yule anayekisia kabla ya kupiga picha, kisha akalinganisha. Ukianza kwa kupiga picha, utabaki pale ulipokuwa, ila na bando dogo zaidi.

16. Bwana shamba naye anatumia programu hiyohiyo. Kuna faida gani kumwita?

Tumesema katika swali la 5 na la 8: anajua jani la kuonyesha na anajua swali la kuuliza. Pia anajua shamba la jirani lilikuwaje wiki iliyopita. Ila kama anafika, anapiga picha jani moja na kukusomea kilichoandikwa, huna ulichoongezewa, na una haki ya kumwambia hivyo kwa heshima.

17. Nikipata hasara kwa kufuata ushauri wa programu, nani anawajibika?

Masharti ambayo watu hubonyeza kukubali bila kusoma kwa kawaida husema kwamba ushauri ni wa kukuelimisha na uamuzi ni wako. Kwa hiyo kabla ya kung'oa, kunyunyizia au kununua kwa fedha ambayo ukiipoteza itauma, pata mtu wa pili. Weka picha na majibu uliyopewa pamoja na tarehe. Hayatakurudishia fedha, lakini yatamsaidia anayekuja kutazama.

## Hali zisizo za kawaida

18. Simu inasema hivi na bwana shamba anasema vile. Nimfuate nani?

Muulize bwana shamba ameona nini kilichomfanya aseme hivyo. Akikuonyesha kwa kidole, kwa mfano vidudu vidogo vya kijani upande wa chini wa jani changa, ambavyo huleta madoa yanayofanana na batobato, mfuate. Akijibu kwamba ana uzoefu wa miaka mingi na hana cha kukuonyesha, usimfuate yeye wala simu. Fuata swali la 19.

19. Dalili hazijulikani kwa simu, kwa bwana shamba wala kwa wazee. Nifanye nini?

Peleka sampuli kwenye kituo cha utafiti kilicho karibu; Tanzania ni vituo vya TARI, kama Kibaha kwa walio Pwani na Naliendele kwa walio Mtwara na Lindi, na Kenya ni vya KALRO. Chukua mmea ambao umeanza kuugua, si uliokwisha kufa, kwa sababu katika mmea mfu huota vitu vingine vinavyoficha chanzo. Beba majani, kipande cha shina na mzizi wenye udongo kidogo. Funga kwa gazeti au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huyachemsha majani safarini na yakifika yameshaoza. Andika kwa kalamu ya risasi, isiyofutika kwa unyevu, jina la kijiji, tarehe ya kupanda, tarehe dalili zilipoanza na dawa zote ulizopiga. Majibu ya simu yaandike pia, lakini yaweke mwisho wa karatasi, ili anayepokea atazame mmea kabla hajasoma jina ulilokwisha kupewa.